Aliyekaa Kwenye Kiti cha Mzee Hrynko

Mdogo wangu Arlene ni dalali wa nyumba, na siku hizi ni dalali mzuri tu, sina la kumsema. Lakini kuna Jumapili moja katika mwaka, ile ya mechi kubwa ya Januari, ambayo hata umpe jumba la gavana auze, hakufungulii mlango. Ofisini kwao wanadhani anapenda mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kukimbia nao mkononi. Wapi! Arlene mpira haumhusu ndewe wala sikio. Mimi ndiye dada yake, najua kinachomtafuna, na kwa kuwa mwenyewe hawezi kukisimulia bila kulia, na Mzee Hrynko naye ameshafariki, Mungu amrehemu, acha nikiseme mimi.

Kwanza mjue Arlene ni mtu wa namna gani. Ana kichwa kigumu tangu alipozaliwa. Mume alipomkimbia alikuwa keshia wa duka la vyakula pale Ridge Road, na sisi wote hapa Parma, ubavuni mwa Cleveland, tukamwambia abaki palepale, kuna bima ya matibabu, Krismasi wanampa bata mzinga wa bure, anataka nini tena? Hakusikia la mtu. Alisomea udalali kwenye meza ya jikoni kwangu huku nikimwosha vyombo vyake, akafeli mtihani, akarudia, akapita. Ofisi ikampa koti la kampuni la rangi ya zambarau lililombana makwapani, na ikampa nyumba ambayo madalali wazoefu walikuwa wameikwepa. Ndiyo hiyo ya Mzee Bohdan Hrynko, mtaa wa pili kutoka kwangu.

Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Ya matofali, ndogo, imara, kama zetu zote. Mzee alikuwa ameinunua alipoanza kazi kwenye kiwanda cha magari, akalea humo binti yake mmoja, na akamuuguza humo mkewe Stefania mpaka akamzika. Baada ya hapo binti, aliyeolewa Arizona, akashikilia kwamba baba hawezi kubaki peke yake akipiga koleo kwenye theluji. Mzee akakubali kuuza. Alikubali kwa mdomo, maana moyo ulikuwa haujafika.

Sasa, nyumba ikiuzwa kwetu, dalali huchagua Jumapili, hutundika kibao uani, huacha mlango wazi mchana mzima, na yeyote apitaye anaingia kuchungulia makabati ya watu. Mara ya kwanza Arlene alipofungua ile nyumba ilikuwa Novemba, na mzee alikuwepo. Akaja bwana mmoja na mkewe, watu wazuri, wamependa jikoni, wamependa chumba cha kulala. Wakashuka chumba cha chini.

"Hapa pakavu kabisa," Arlene akasema.

"Kwa sasa," mzee akadakia kutoka nyuma yao. "Aprili mje na mabuti ya mpira."

"Kuna maji?" mama wa watu akauliza.

"Maji? Stefania wangu alikuwa anasema tufuge bata."

Wakacheka wote, wakaaga vizuri, na hawakurudi. Arlene alikuja kwangu amefura. Bosi wake naye akampasha: mwenye nyumba hakai nyumbani siku ya watazamaji, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hii, ulisomea nini? Tangu siku ile kila nyumba ikifunguliwa mzee alikuwa anachukua koti lake anaondoka, anakwenda kunywa kahawa mahali mpaka aambiwe arudi. Hakulalamika hata siku moja.

Ikaja Januari, na jamani, Januari ile! Timu yetu ilikuwa imebakiza mechi moja tu iingie fainali, fainali ambayo hatujawahi kuiona kwa macho tangu ianzishwe. Mechi yenyewe hapahapa Cleveland, uwanjani kwetu, na Denver. Mji ulirukwa na akili. Padri alivaa soksi za rangi ya chungwa, rangi ya timu, chini ya joho la misa, nimeziona mwenyewe. Na mechi ilikuwa Jumapili mchana.

Mzee Hrynko alikuwa na kiti chake cha kuegemea, kimepauka mikononi, kimekaa sebuleni kikilipa mgongo dirisha kubwa la barabarani, uso kwenye TV. Pale alipakalia miaka yote, na kichwani alivaa kofia ya sufu ya rangi ya chungwa na kahawia, yenye kishada juu, aliyofumiwa na mkewe. Bila kofia ile na bila kiti kile hatazami. Aliamini kabisa kwamba akihama, timu inafungwa. Msimcheke. Mume wangu Ray hanyoi ndevu wiki ya mechi, na ni mtu aliyesoma.

Katikati ya wiki mzee akaenda ofisini kwa Arlene, kavua kofia, kaishika mkononi.

"Binti, Jumapili hii niache."

"Nikuache vipi, mzee?"

"Nikae kwangu. Siku nyingine zote nimeondoka, sijakugomea. Lakini hii ni ya mwisho. Mwakani nitakuwa jangwani huko, natazama miti ya miiba."

"Mzee wangu, tangazo limeshatoka gazetini."

"Watu watakuwa kwenye mechi, binti. Atakuja nani?"

"Atakayekuja siku kama hiyo ndiye mnunuzi wa kweli. Hana mchezo. Mmoja tu tunamtaka, au siyo?"

Mzee akafikiri. "Nitakaa kimya," akasema. "Sitasema habari ya maji."

"Wewe? Ukae kimya?"

Akacheka mwenyewe, maana alijijua. Halafu akainamisha kichwa, akaigeuzageuza ile kofia. "Haya. Kazi yako unaijua wewe. Nitakwenda ukumbi wa kanisa, wameleta TV kubwa. Kofia nitaiacha kwenye msumari, angalau yenyewe iwepo."

Arlene alinisimulia hayo usiku kwenye simu kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "We mtoto, una akili timamu kweli? Mzee wa watu kaomba kitu kimoja."

"Lorraine, nyumba imekaa tangu vuli. Wenzangu wananicheka."

"Wacha wakucheke. Fungua Jumapili ijayo."

"Wewe huijui hii kazi."

"Kazi siijui. Mzee namjua." Akanikatia simu. Nilisema mengine mengi baada ya hapo, lakini nilikuwa naiambia sufuria.

Jumapili ikafika, baridi kali, mawingu yameshuka mpaka kwenye mapaa. Arlene alifika mapema na koti lake la zambarau. Akachomeka kibao uani na kingine chenye mshale pale kona. Akatia biskuti kwenye oveni, maana madalali wanasema harufu ya kuoka inauza nyumba kuliko maneno. Mzee akamkabidhi ufunguo, akakipigapiga kiti mgongoni kama anayemuaga ng'ombe, akatoka. Saa saba mlango ukawa wazi.

Hakuja mtu. Yaani hakuja hata wa kuuliza njia. Mtaa mzima ulikuwa kimya, hakuna gari, hakuna mtoto, kila dirisha TV inawaka. Kwangu chumba cha chini kilijaa watu mpaka ngazini, nimepika pirogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha ya viazi na jibini, sufuria mbili. Arlene akanipigia kwa simu ya mzee.

"Hakuna mtu, dada."

"Nilikwambia nini? Funga uje, pirogi zinapoa."

"Nimeandika mpaka saa kumi. Akija mtu saa tisa na nusu je?"

"Basi mpigie mzee ukumbini, arudi akae kwenye kiti chake!"

"Akirudi halafu mtu akaja?" akasema. Hapo ndipo ningetaka kumzaba kofi, lakini simu haina mkono.

Basi akabaki. Mzee alikuwa mbahili wa joto, nyumba ilikuwa inauma vidole. Arlene akaona kofia kwenye msumari, akaivaa mpaka masikioni. Akala biskuti za wateja. Akaketi kwenye kile kiti, kwa dakika mbili tu, alisema, apumzishe miguu. Akawasha TV asikie sauti ya binadamu. Na yeye asiyependa mpira, mechi ile ikamshika shingo. Alikuwa anapiga kelele peke yake, anarusha mikono, anaimba wimbo wa timu ambao hakujua maneno yake.

Mtu wa hapa hahitaji kusimuliwa mwisho wake. Tulikuwa mbele. Dakika zimebaki za kuhesabu kwa vidole, Denver wamebanwa mwisho kabisa wa uwanja, wana uwanja mzima wa kuvuka. Ray alikuwa ameshafungua bia za ushindi. Wakauvuka. Kidogo kidogo, wakauvuka wote, wakasawazisha, na muda wa nyongeza wakatumaliza kwa teke moja. Kwangu watu wazima walikaa kwenye ngazi kama wana msiba. Arlene naye aligundua analia, kofia ya mtu kichwani, makombo ya biskuti kifuani.

Akajikaza. Akazima TV, akarudisha kofia kwenye msumari, akapangusa kiti. Akang'oa kibao cha uani, akatembea mpaka kona kuchukua kile cha mshale. Na pale kona, nyuma ya rundo la theluji, gari la Mzee Hrynko. Vioo vimejaa ukungu. Ndani yake mzee, koti limefungwa mpaka kidevuni, chupa ya chai mapajani, redio inazungumza taratibu.

Akateremsha kioo.

"Mzee! Unafanya nini hapa? Si ulikwenda ukumbini?"

"Nilifika mlangoni, binti. Wamejaa, wananiita, njoo Bohdan, kaa hapa. Sikuweza. Nikasema bora niwe karibu na kiti, hata kama siko juu yake." Midomo yake ilikuwa ya bluu. Lakini, Arlene aliniambia, macho yalikuwa yanang'aa. Mtu ambaye timu yake imekufa dakika hiyohiyo, macho yanang'aa! "Sasa niambie. Amepapenda?"

"Nani, mzee?"

"Yule bwana! Nimemwona dirishani. TV ilivyowaka tu nikajua kuna mtu. Kisha nikaona kishada juu ya kiti. Amevaa hadi kofia! Nikasema huyo si mtazamaji, huyo ameshafika kwake." Akacheka kidogo, akakohoa. "Nilitaka kuja kugonga nimsalimie, tutazame wote dakika zile za mwisho. Mkono ulikuwa kwenye mlango wa gari kabisa. Nikasema hapana, Bohdan, utamwambia habari ya maji, utaharibu. Mwache binti afanye kazi yake. Nikakaa."

Arlene alikuwa na kibao mkononi, akakikumbatia. Mechi nzima mzee alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake, anaganda, anamlinda mnunuzi. Na mnunuzi hakuwepo.

"Alishangilia?" mzee akauliza.

"Alishangilia sana, mzee."

"Tulipofungwa alilia?"

"Alilia."

"Basi ni wetu." Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Unaona? Kiti kilikuwa na mtu, kofia ilikuwa kichwani. Sisi upande wetu tulifanya. Atanunua?"

"Atafikiria," Arlene akasema.

Alikuja kwangu moja kwa moja, wageni bado hawajaondoka, akapita katikati yao akajifungia chooni. Nilipomtoa akaniambia yote. Nilikuwa na maneno ya kumpasha tangu asubuhi, nimeyapanga vizuri, yakayeyuka yote. Nikamwambia tu, "Kesho nenda kamwambie ukweli." Akasema atakwenda.

Hakwenda. Au alikwenda, lakini mzee alimfungulia mlango akiuliza, "Yule bwana amepiga simu?" na ukweli ukarudi tumboni. Wiki hiyo alisema bwana bado anafikiria. Wiki iliyofuata akasema mke wake hataki ngazi. Mzee akasikitika, si kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya bwana. "Mwambie hata asiponunua aje siku moja tunywe chai," akasema. Arlene alikuwa anarudi kutoka kule amekunjamana, na mimi kila mara nilimwuliza, umemwambia? Na kila mara nikajua jibu kabla hajavua viatu.

Nyumba iliuzwa masika, kwa vijana wawili waliooana karibuni, waliochunguza maji ya chini wenyewe wakasema watachimba mfereji. Siku ya kukabidhi, mzee alimpa Arlene funguo zote, na juu ya funguo akaweka ile kofia.

"Hii si ya hawa," akasema. "Mpe yule bwana. Alikaa na sisi siku mbaya. Kule niendako ni joto, nitaivaa wapi?"

"Mzee, mimi nina jambo..."

"Mpe tu, binti. Stefania angefurahi." Binti yake alikuwa anapiga honi barabarani. Wakaondoka.

Mwaka uliofuata, Mungu naye ana vituko, mechi ileile ikarudi. Sisi na Denver tena, ila safari hii kwao. Jumapili hiyo Arlene alikataa kufungua nyumba yoyote, akagombana na bosi, akaja kwangu asubuhi na mfuko. Akanyanyua simu ya jikoni. "Leo namwambia," akasema. "Leo leo. Usiondoke hapo, dada." Nikasimama karibu naye, mkono kwenye bega lake, nikasikia simu ikiita Arizona na mzee akipokea.

"Mzee Hrynko, ni Arlene."

"Binti! Nilijua utapiga! Yule bwana amevaa kofia?"

Nilimwona anafungua mdomo. Nilimwona anajaribu, wallahi alijaribu.

"Amevaa, mzee," akasema.

"Safi! Amekaa wapi?"

"Kwa dada yangu. Tuko wote hapa."

"Asinyanyuke. Mwambie asinyanyuke mpaka mwisho. Nipe namba ya hapo."

Arlene akampa namba, akakata simu, akafungua mfuko, akaitoa ile kofia, akaivaa. Akashuka chumba cha chini, akaketi kwenye kiti cha Ray bila kuomba, na Ray, aliyekuwa anajua kisa chote, akakaa sakafuni. Hakunyanyuka. Hata chooni hakwenda. Tulitoka nyuma, tukawafikia, tukawashika mashati. Mwishoni kabisa kijana wetu alikuwa anaukaribia mstari, kila mtu amesimama isipokuwa Arlene, na mpira ukamponyoka mkononi. Ukamponyoka tu. Ikawa basi.

Simu ya jikoni ikalia. Nikapanda kuipokea mimi.

"Wewe ndiye dada?" Sauti ilikuwa imechoka, lakini ileile.

"Ndiye mimi, mzee. Pole."

"Poleni na nyie. Sikia, mama, nifanyie hisani. Mwambie yule bwana asijilaumu. Najua anajilaumu, maana mimi nilikuwa najilaumu kila mwaka, Stefania alikuwa ananigombeza. Mwambie si kosa lake. Alikaa vizuri."

Mimi, niliyemkaripia mdogo wangu mwaka mzima aseme ukweli, nilikuwa na simu mkononi na nafasi ya kuusema. Nikasema, "Nitamwambia, mzee."

Nilipogeuka Arlene alikuwa amesimama juu ya ngazi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Anasemaje?"

"Anasema usijilaumu. Si kosa lako, ulikaa vizuri."

Akaisukuma kofia juu ya nyusi.

"Amesema mimi," akauliza, "au amesema yule bwana?"

Nikageukia jiko, nikampakulia pirogi.